Majina Chini ya Mdiria

Jumatatu, 5 Mei
Mdiria tena, yule ndege mvuvi wa kitabu chetu. Mimi bluu ya mgongo, Somoe kahawia ya tumbo, Esta mdomo mwekundu na macho. Karatasi inapita mkono hadi mkono, kama walivyofanya Ulaya zamani kabla mashine hazijajua rangi. Mistari myeusi inachapwa Dar, mchoraji ni Mwalimu, anayeishi kule juu Rondo. Rangi ni sisi, nakala kwa nakala. Unyevu wa masika haujaisha. Esta hakungoja bluu ikauke, nyekundu ikaingia humo. Tukapata mdiria wa zambarau. Tulicheka, tukamtupa.

Alhamisi, 8 Mei
Nimesoma kuhusu vitabu vile vya zamani vya ndege. Mwenye kitabu anatajwa. Mchoraji anatajwa. Waliopaka rangi, wengi wao wanawake na wasichana, kimya. Walimaliza macho yao pale mezani na ndege wao wanang'aa hadi leo. Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Kuanzia leo naandika chini ya kila ukurasa: Rangi: Hadija, Somoe, Esta. Somoe anasema jina haliliwi na ugali. Lakini alilitazama lake mara mbili.

Jumanne, 13 Mei
Mchapishaji wa Dar katuma kitabu cha majaribio. Kizuri, sikatai. Nikafungua kwa mdiria. Majina hayapo. Wamekata karatasi kwa chini, karibu na mkia wa ndege. Nikampigia. Eti kisu cha kiwandani hakichagui. Halafu akaongeza, "Dada Hadija, kwani nyie si mnajaza tu?"

Tunajaza. Anataka kurasa zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi, bila maandishi.

Hazipati.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata dawa yake. Mdiria amekalia tawi, na tawi liko katikati ya ukurasa. Majina yetu yamekaa humo, kahawia nzito juu ya kahawia nyepesi, chini ya vidole vya ndege. Kisu kikiyataka, kianze na miguu. Somoe ameomba kuandika lake mwenyewe. Esta kaongeza ua mwishoni. Nimemwambia asizidishe.

Jumamosi, 17 Mei
Nimepanda Rondo. Tawi ni la Mwalimu, sikutaka asikie kwa watu. Shikamoo, marahaba, mihogo ya kuchemsha, habari za nyumbani. Kisha nikamwonyesha ukurasa. Akavua miwani.

"Magome hayo nimeyachora siku nzima, mwanangu. Mmeyafunika."

Nikamwambia jina lake liko kwenye jalada, kubwa. Letu halipo popote. Hakunisindikiza hata hadi mlangoni, yeye aliyenifundisha kushika penseli. Nimelia kwenye gari. Majina sifuti.

Alhamisi, 22 Mei
Mchapishaji anatishia. Atatafuta wapakaji Dar. Atafute. Esta kanuna tangu asubuhi, kazi hii ikiondoka tunarudi kubangua korosho. Na mimi naogopa, sitajidanganya. Nimewaambia anayetaka kuacha majina aseme leo, sitamlaumu. Somoe kachovya brashi. Esta kavuta karatasi na kuandika lake kwa herufi kubwa kuliko zetu. Tumepaka mpaka adhana ya alasiri.

Jumatatu, 26 Mei
Simu. Hao wa Dar wamemlowanishia karatasi, zimejikunja. "Leteni zilivyo," kasema, akakata. Samahani hakuna. Wala sikuingoja. Tumefunga mzigo na kamba mbili.

Alhamisi, 29 Mei
Mvua imeacha. Dereva kaleta bahasha kutoka Rondo. Mchoro wa mwisho wa kitabu, chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua; dereva anasema tuupake rangi wa mfano kabla haujaenda kuchapwa. Nimetafuta barua ndani, nimeikung'uta bahasha. Hakuna.

Chozi kamchora unyoya kwa unyoya, kama kawaida yake. Majani nayo, hadi mishipa. Tawi tu ndilo kaliacha. Nene, halina gome, jeupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tumelitazama sote watatu. Somoe kaanza kuchanganya kahawia.