Nani Anazima Kinga ya Kompyuta

Grand Prairie, Texas
Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Vicent,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba kile kikohozi cha Pasaka kimekuachia. Sisi hatujambo, ila mimi mwenzako situlii. Nakaa, nasimama, nafungua friji na kusahau nilichokuwa nataka. Nimeona bora niandike na kumpa Precious anayekuja likizo Bukoba, kwa sababu nikiandika kwenye grupu la familia, mashangazi wote watakuwa wameshachangia kabla wewe hujasoma.

Jambo lenyewe lilianza na kompyuta ya sebuleni, ile ninayosomea masomo yangu ya uuguzi. Tangu Mama aje kukaa nasi, yeye ndiye mtumiaji mkuu. Shemeji yako Gelasius huenda kazini ghalani mapema, mimi hospitali, binti yetu Queen shule, na hapa bila gari hufiki hata dukani. Basi Mama hubaki na kompyuta, akisoma habari za nyumbani na kusikiliza kwaya. Siku moja ukurasa mwekundu ukajaa kwenye kioo, ukipiga kelele kwamba kompyuta ina virusi, isizimwe, ipigwe namba fulani mara moja. Unamjua Mama na ualimu wake, maelekezo yakiandikwa huyafuata. Alipiga kwa simu ya mezani. Akapokea kijana aliyejiita Kevin, Mama akamsalimia, akawaulizia wazazi wake, kisha akafuata kila alichoambiwa mpaka Kevin akawa anaiendesha kompyuta yetu kutoka huko aliko. Niliporudi kazini nikakuta kazi zangu za chuo hazifunguki.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta antivirus ya kuaminika, yaani kinga ya kompyuta, na ndipo amani iliponitoka. Baada ya misa kila mtu alikuwa na yake ya kuisifu, kama kule nyumbani kila mtu alivyo na dawa yake ya malaria. Mmoja aliapia ya bure, mwingine akasema hiyo ya bure ndiyo itakayouza siri zetu. Shemeji yako, ambaye hajui kumkatalia mtu, akakubali kila aliyoletewa na kuziweka zote. Zikaanza kushikana mashati humo ndani, kila moja ikiona mwenzake ndiye adui, na kompyuta ikawa ukiiwasha asubuhi unaweza kupika uji ukanywa kabla haijaamka.

Nikamwita Khalfan wa Carrollton, mtu wa Tanga anayefanya kazi za kompyuta ofisini. Alicheka sana, akaziondoa zote. Akasema ata-install moja tu, yenye jina linalojulikana, ataitoa kwa watengenezaji wenyewe wala si kwenye tangazo, na itakuwa inaji-update yenyewe, ila tukiendelea ku-click ovyo hakuna itakayotuokoa. Nilibadilisha nywila zote, nikashusha pumzi. Haikuchukua muda nikakuta kinga imezimwa. Nikaiwasha. Ikazimwa tena. Nikiwa wodini nikawa napiga simu nyumbani kuuliza kama kuna usalama, na kila mara simu ikawa inatumika. Nikaamini hata hiyo antivirus ni ya uongo, nikamwambia Khalfan alete nyingine.

Alikuja akaichunguza, akasema antivirus haina kosa. Kuna mtu anaizima kwa mkono, tena mchana. Nikamrukia Queen. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba mchana yeye yuko shule na niache kumsingizia. Alisema kweli.

Basi nikamuuliza Mama. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba ni yeye. Kevin bado humpigia. Alisema alimgundua kuwa ni tapeli tangu mara ya pili, kwani alidai yuko Dallas, hapa jirani yetu, na Mama alipomwuliza ile mvua ya mawe iliyovunja vioo vya magari imemkutaje, akasema kwao kuna jua. Lakini akimkatalia kila kitu, atakata simu. Kwa hiyo humzimia kinga kidogo ili apate matumaini, kisha hujifanya anatafuta miwani aliyoivaa, huku akimsimulia habari za wanafunzi wake wa darasa la nne. Kevin akikaribia kuingia, Mama huzima kompyuta na kumwambia umeme umekatika. Amemfundisha hata kusema shikamoo.

Nilicheka, Vicent, nikamuuliza yote hayo ya nini. Hapo sauti yake ikabadilika. Alisema nyumba hii tangu asubuhi ni kimya, nami nikirudi naingia kwenye vitabu au kitandani. Kevin ni mwizi, alisema, lakini humuuliza ameamkaje, na husubiri ajibu.

Nilikwenda jikoni nikalia. Tangu aje nimekuwa nikijigamba kwa kila mtu kwamba Mama yuko kwangu na hakosi kitu.

Namba ya Kevin tumeifunga. Nimeomba kazini wanipunguzie zamu, na Jumamosi nampeleka Mama DeSoto kwa akina mama wa kwaya. Khalfan naye amemwekea kwenye kompyuta mambo ya kupiga simu za video, akamwonyesha pa kubonyeza. Alipomaliza, Mama alitaka kujua kama kinga hii itawazuia wote wanaompigia. Khalfan akamwambia hapana, itawazuia tu isiowajua. Mama akaitazama kompyuta, halafu akamuuliza kama inakujua wewe, Vicent.

Khalfan alinitazama, nami nikaenda kutafuta karatasi hii. Mama hukaa mbele ya kompyuta mchana wetu, wakati ninyi huko ni usiku, mmeshamaliza kula na una nafasi ya kumpigia.

Nisalimie mama watoto, wabusu watoto, na shangazi mwambie nguo zake anazo Precious. Shemeji yako na Queen wanakusalimu. Mama hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dorothea