Gia ya Boti na Karatasi Kwenye Anjera

Garissa, Jumatano, Desemba 1997

Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini Mto Tana bado umelala juu ya mashamba na harufu ya matope inaingia hadi ndani ya nyumba. Hii ni wiki ya tatu sina habari za hooyo, mama yangu. Barabara ya Balambala imekatwa na maji, naye yuko huko na wadogo zangu.

Kuna boti kuukuu iliyoletwa kwa lori kutoka pwani ili ipeleke unga na dawa huko Balambala. Abti Bare, mjomba ninayeishi kwake ili nisome, ndiye anayeitengeneza. Ameniahidi nafasi ndani yake. Lakini yeye ni fundi wa malori. Boti hajawahi kuigusa.

Jana injini iliunguruma vizuri na boti ikakaa pale pale. Abti na mwenzake Mutua, fundi kutoka Kitui, wakasema klachi imeisha. Wakapanga kufungua gia yote leo.

Nilijua wanakosea. Nikakusanya vyombo vya chakula, nikarudi nyumbani.

Mwalimu wangu wa fizikia alipohamishwa aliniachia kitabu cha injini za boti. Nimekisoma mara nne, labda kwa sababu hakuna anayekuja kunitembelea. Kinasema gia nyingine za zamani zina mkono mrefu, unauvuta kwa nguvu mpaka usikie kishindo. Nyingine zina kijimkono ubavuni kinachosukumwa kwa vidole viwili, na mipira miwili ya kupitisha oili ikapozwe. Katika hizo, oili yenyewe ndiyo inayoishika gia kwa presha yake, na inatakiwa ile nyepesi, nyekundu. Jumatatu nilipopeleka chakula nilikiona kijimkono, nikaiona na mipira. Nikamwona pia abti akimimina oili nzito ya gia ya lori.

Leo niliandika hayo yote kwenye karatasi, nikaifunga pamoja na mikate ya anjera niliyompelekea abti. Nilidhani ataisoma peke yake. Kabla sijaondoka alikuwa anaisoma kwa sauti mbele ya watu wote.

"Bare," Mutua akacheka, "siku hizi unafundishwa kazi na chakula?"

"Nyamaza wewe. Hii mtoto ya dada yangu inasoma mpaka karatasi ya sukari."

Abti akainama, akasukuma kijimkono kwa kidole. Kikaenda bila kelele. Akaitazama mipira.

"Wallahi, Mutua, mwaga hiyo oili."

Wakasafisha, wakatia ile nyekundu ya usukani wa lori. Saa nane boti ikasogea. Watu wakashangilia.

Kisha magunia ya unga yakapakiwa, na nafasi yangu ikaisha. Abti ilibidi aende, maana sasa ndiye anayeijua gia. Akaniita kutoka ndani ya boti: "Hamdi, nimwambie nini mama yako?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikatikisa kichwa tu, wakaondoka.

Niliweza kuandika ukurasa mzima kuhusu oili. Neno moja la kumpelekea hooyo sikuweza kulitamka, na yeye hajui kusoma.

Nyumba iko kimya.

Boti inarudi kesho jioni kuchukua mzigo mwingine. Nitakuwa ukingoni kabla gunia la kwanza halijapakiwa, na sitakuwa na karatasi. Nitasema kwa mdomo wangu, Mutua acheke asicheke: safari hii naingia mimi kwanza.