Suti ya Bwana Kesho

Nyumba ya kona, nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo, na wanangu je? Kifua chako kimetulia na hiyo baridi? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, ila goti bado linamsumbua.

Sasa nikupe habari za lile gari ulilomwachia Mama la kumpeleka kliniki. Lilikaa gereji wiki tisa, klachi tu. Kila nikienda, fundi ananiambia spea haijafika, njoo kesho. Nikambandika jina, Bwana Kesho. Mama akawa anakwenda kliniki kwa miguu, ameniegemea mimi, tunapumzika kila kona. Siku moja akaanguka pale getini mbele za watu. Hapo nikaapa, huyu mtu atanitambua.

Basi akajileta mwenyewe. Mwanamke mmoja aliniletea kitambaa nimshonee mumewe suti, pamoja na koti kuukuu la kupimia, kwani Jumamosi wanamwoza binti yao. Lile koti linanuka grisi. Kumuuliza mumewe anafanya kazi wapi, nilicheka mpaka mate yakanipalia.

Alhamisi Bwana Kesho akaja kuchukua suti. Kuniona tu nyuma ya cherehani, akanywea. Nikampa kiti, nikamuuliza hali ya watoto, kisha nikamwambia:

"Vifungo havijafika, fundi. Njoo kesho."

Suti ilikuwa kabatini tangu Jumanne, imeshapigwa pasi. Ijumaa asubuhi akarudi, nikamwambia vifungo viko njiani. Akaomba, akanuna, akaomba tena. Mimi nakanyaga cherehani tu. Sikufichi mdogo wangu, nilisikia raha.

Saa tisa alasiri nikasikia honi mlangoni. Kumbe kazi ya wiki tisa ilikuwa ya nusu siku! Nikalizungusha gari mtaa mzima, yeye ananisubiri juani, ndipo nikamkabidhi suti yake. Jana nimesikia alipendeza harusini, na hilo limeniudhi.

Shangazi anakusalimu, na binamu yako kinyozi anauliza utarudi lini. Mbusu kitindamimba wako kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko.

Nilikuwa nafunga barua, Mama akaniita. Ananisihi nimsamehe yule mtu, yamekwisha.

Nimemwambia kesho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.