Msimamizi Mkuu wa Viti

Jumamosi mchana, salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, imeisha. Manyunyu, mlima umejifunika, na miguu yangu ina tope jeusi mpaka magotini.

Kwa heshima na taadhima, ninawatangazia wakazi wote wa Goma, wa mjini na wa viungani, pamoja na ndugu wa ng'ambo wanaosoma ukurasa huu katika baridi yao, kwamba leo, katika kikao kilichofanyika uani kwangu kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, mimi Papa Rehema nimeteuliwa kwa kauli moja kuwa Msimamizi Mkuu wa Viti. Uteuzi umeanza kutumika papo hapo. Pongezi zinapokelewa nyumbani. Bia pia inapokelewa.

Hilo ndilo tangazo. Sasa kaa, shajara yangu, nikuambie.

Nina wivu.

Si wivu wa mapenzi. Kwa umri huu na kwa tumbo hili, mke wangu ndiye angepaswa kuonewa huruma, si kuonewa wivu. Namwonea wivu kaka yake, shemeki yangu Kambale, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Butembo, mtu mwenye sauti ya kuamsha parokia nzima bila kengele. Tangu vita hii ifunge barabara ya kaskazini, vitunguu havishuki, naye hana kazi isipokuwa kuongea. Basi akaanzisha podikasti.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimkalisha dukani kwangu, ninapouza vipuri vya pikipiki, katikati ya matairi yaliyopangwa mpaka dari, kwa sababu mpira humeza mwangwi na sauti hutoka safi. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikamwambia, "Ongea kama unaongea na mutu mumoja." Akaongea. Leo wakisikiliza podikasti yangu mimi wanasema, "Papa Rehema anajua mambo." Wakimsikiliza Kambale wanaacha chakula kiungue.

Mara ngapi nimefungua ukurasa wake kuona mioyo mingapi imemwagwa pale, sitasema. Simu inajua.

Nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nimekasirika bure.

Ndoto yangu ni ya siku moja tu. Watu wa mji huu wanaorekodi podikasti, wanaoendesha kurasa za Facebook za mitaa yao, wanaosimamia makundi ya WhatsApp ya soko na ya kwaya, wakae katika ukumbi mmoja. Bila mfadhili, bila bango la shirika. Tukubaliane jinsi ya kuipima audio kabla hatujaisukuma kwa wengine.

Ndoto hiyo haikutoka hewani. Mlima wetu wa moto ulipolipuka na baadaye tukaambiwa tuhame, simu zilijaa sauti za watu tusiowajua. Mmoja alisema ziwa litapasuka kwa gesi iliyomo, kimbieni Sake. Mwingine alisema Sake ndiko gesi inakoelekea, vukeni mpaka. Mimi nilimsikiliza wa pili, nikavuka kwenda Gisenyi kutafuta pa kuiweka familia, nikifikiri nitarudi jioni kumchukua mama. Mama alikuwa anakaa Lac Vert. Alimsikiliza wa kwanza, kwenye simu ya jirani. Akafunga kitambaa kichwani, akatembea.

Alifika Sake. Moyo ukamshinda hapohapo, kando ya barabara. Kambale alikuwa amefika huko na lori lake, akamwona, akakaa naye mpaka mwisho. Alizikwa kabla mimi sijavuka kurudi. Matanga hatukufanya. Nani angekuja? Mji mzima ulikuwa barabarani na magodoro kichwani. Na tuliporudi kila mmoja alikuwa na lake, halafu vita ikaja na yake.

Kambale akianza kusimulia siku ile, mimi huwa na shughuli. Huinuka kwenda kuangalia jenereta.

Hatuna jenereta.

Tuendelee. Padri wa parokia yetu alinikubalia ukumbi kwa sharti moja: mpaka leo Jumamosi nimwonyeshe timu ya watu watakaoubeba mkutano pamoja nami. La sivyo, kuna harusi inayosubiri ukumbi huohuo, na baada ya harusi hiyo kuna nyingine. Hajakosea. Siku hizi watu watano wakikaa pamoja, kuna anayeuliza wanapanga nini. Padri hataki kukusanya umati unaoongozwa na muuza matairi mmoja.

Basi nikatafuta watu wa kujitolea. Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo kwa jembe langu mwenyewe. Mtu wa Goma ameishi na mashirika tangu utoto wake, kwa hiyo nilidhani jambo la maana lazima livae suti. Nikaandika kwa Kifaransa kizito. Mkutano nikauita atelier, yaani warsha. Nikasema natafuta bénévoles wenye "sifa zifuatazo". Nikaweka mpaka tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Nikasambaza, nikakaa kusubiri mafuriko.

Mafuriko yalikuja. Ya maswali.

"Papa, transport iko?"

"Perdiem ni ya siku moja ao mbili?"

"Badge zitakuwa na picha?"

Kijana mmoja alileta vyeti vyake vyote, hadi cha ubatizo. Bwana mwingine, mtu mzima mwenye akili zake, alisema kujitolea hawezi, ila yuko tayari kuwa mshauri. Nilipowaambia hakuna transport, hakuna perdiem, hakuna hata soda, waliniaga kwa adabu sana. Hakuna watu wanaojua kuaga kama sisi.

Jumatano nilikuwa na timu ya mtu mmoja, na huyo mmoja ni mimi, na mimi nilikuwa nafikiria kujiuzulu.

Mke wangu akamwambia kaka yake. Sikumtuma. Kambale hakuniuliza kitu, alitoa audio fupi kwa sauti yake ileile ya kengele, na naiandika hapa kama ilivyo kwa sababu nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa:

"Ndugu zangu, ni mimi Kambale wa vitunguu. Shemeki yangu iko na jambo. Siku ya posho, hii Jumamosi, salongo ikiisha, tunaenda kwake. Kila mutu abebe kile anabebaka ku matanga. Asiye na kitu alete mikono."

Ni hayo tu. Bila sifa zifuatazo.

Na leo wamekuja.

Wamekuja, shajara yangu, mpaka kuku wakahamia paa la choo. Walitoka moja kwa moja kwenye salongo na majembe na fagio zao. Wa mabenchi alikuja na mabenchi. Wa turubai alikuja na turubai, akaanza kulifunga kwenye mti wangu wa parachichi bila hata kunisalimia, kwa sababu kwenye matanga mwenye turubai hufunga kwanza, husalimia baadaye. Akina mama wa kwaya walikuja na masufuria. Binti anayeendesha ukurasa wa Facebook wa mtaa wa pili alikuja na spika. Vijana wa podikasti ya mpira walikuja na nyaya na makelele. Hata muuza samaki mmoja kutoka Vitshumbi, aliyekwama mjini tangu barabara ifungwe na ambaye kundi lake la WhatsApp lina wavuvi wa ziwa lote, alikuja na samaki wakavu.

Mama mmoja mzee kutoka Lac Vert aliingia akilia kabisa, mfuko wa maharagi kichwani.

"Nani ametuacha?"

Mke wangu akamshika mkono. "Hapana mutu, mama. Ni juu ya podikasti."

"Podikasti. Ule alikuwa mutoto wa nani?"

Walimweleza. Alisikiliza, akafuta machozi, akasema maharagi hayarudi Lac Vert, akatafuta kivuli akakaa.

Nilipaswa kufurahi. Ndoto yangu ilikuwa imesimama uani kwangu kwa miguu yake. Badala yake nilisimama karibu na banda nikihesabu makosa ya Kambale. Alikuwa anasimulia kichekesho cha mbuzi wa Kibati aliyekataa kuhamishwa, na watu wote wameinama kwa kicheko, na mke wangu anajifuta macho. Kichekesho hicho ni changu. Nilikitoa msimu uliopita. Mke wangu alisema, "Mm."

Kisha kijana mmoja akaja kuniuliza, langoni kwangu mwenyewe, "Samahani papa, ni hapa kwa mukutano ya Kambale?"

Nikasema ndiyo. Nikamwonyesha choo.

Halafu Mama Zawadi akasimama. Mama Zawadi ni jirani yetu, na hakuna matanga katika mtaa huu yaliyowahi kwenda bila kidole chake. Hakuulizi kama ungependa. Hunyoosha kidole, na wewe unakuwa kile alichosema. Weye, mabenchi. Weye, mlango, angalia nani anaingia. Nyinyi wawili, mutakaa na watu wa makundi ya WhatsApp, wasigombane. Binti, spika. Mwenye samaki, jikoni. Kambale, barabarani, upokee wageni, na usiongee sana. Watu wakacheka. Wale waliokuwa wakiniuliza perdiem walikuwemo, nao wakapokea kazi zao wakiinamisha kichwa kama watoto wa katekisimu.

Kidole kilizunguka uani kote. Kilipita kwa mke wangu. Kilipita kwa binti yangu Rehema. Kilifika kwangu.

Kikanipita.

Nikasubiri kirudi. Hakikurudi. Mama Zawadi akapiga makofi, akasema, "Basi, imeisha," na watu wakaanza kutawanyika.

Na sasa, kwa kuwa shajara haistahili kudanganywa mara mbili kwa siku moja, nieleze jinsi uteuzi wangu ulivyokuwa hasa.

Hakuna aliyeniteua. Hakuna kauli moja, hakuna hata nusu. Nilishikwa na hasira ya kitoto, nikaona rundo la viti vya plastiki ambavyo kijana wa viti alikuwa anavipanga, nikanyakua kimoja, nikakibeba kichwani mbele ya watu wote. Kama hawanipi kazi, nitaiiba. Kijana alijaribu kunipokonya kwa heshima. Nikavuta. Akavuta. Miguu ya kiti ilikuwa inalia.

"Papa Rehema," Mama Zawadi akasema, "weka kiti chini."

"Na mimi nipewe kazi. Mkutano ni wangu."

"Njo maana hatukupi." Alinitazama kama mtu anayetazama ugali uliokosa moto. "Uliona wapi mwenye matanga anabeba kiti?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Hata vijana wa mpira.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Ndiyo kazi yangu, nina podikasti. Badala yake nikakishika kiti kwa nguvu zaidi. Kambale akatoka kule langoni, akakichukua kiti mkononi mwangu taratibu, akakiweka chini ya turubai, mbele, mahali anapokaa mfiwa.

"Shemeki, ikala," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Ile siku hatukukuja kwako. Leo tumekuja."

Nikakaa.

Na mama mzee wa Lac Vert, kutoka kivulini kwake, akamwambia jirani yake, "Si nilisema kuna mutu alikufa."

Yeye alikuja wa kwanza. Alinipa mkono, akasema, "Pole ya mama yako. Tulikuwa tunauza mboga pamoja." Nyuma yake akaja Mama Zawadi, halafu mwenye turubai, ambaye sasa ndipo aliponisalimia, halafu wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na mkono wake. Hata kijana niliyemwonyesha choo. Nilikaa pale na tope langu magotini nikisema asante, asante, kama mtu anayefundishwa neno geni.

Ukumbi ni wetu. Mama Zawadi mwenyewe amekwenda kwa padri, na padri hana kidole cha kushindana na kile.

Sasa wameondoka. Turubai bado limefungwa, linadondosha maji polepole. Kambale amelala kwenye mkeka wetu sebuleni, anakoroma, na hata kukoroma kwake kuna wasikilizaji, kwa sababu kuku wote wamekusanyika dirishani.

Wivu haujaisha. Nimejipima, upo. Ila leo nimeona kwamba haukuwa wa mioyo ya kwenye ukurasa, wala wa mbuzi wa Kibati. Mama yangu alisema maneno yake ya mwisho kando ya barabara ya Sake, na aliyekuwa amemshika mkono hakuwa mimi. Maneno hayo anayo Kambale. Amejaribu kunipa, sijui mara ngapi, na mimi kila mara nina jenereta la kuangalia.

Kesho baada ya misa atakunywa chai hapa. Ataanza tena, namjua. Nitafunga mlango, nitazima simu, nitakaa kwenye kiti kilekile.

Na nitamwacha amalize.