Ufa Uliomchukua Maroa

S.L.P. 61,
Kehancha.
21 Februari 1998

Mpendwa kaka Nchagwa,

Pokea salamu za nyumbani. U mzima huko Uholanzi? Baridi imepungua? Sisi mwili ni mzima. Mama anakula kidogo.

Najua padri alikupigia simu kwamba kaka yetu Maroa amezikwa. Simu haikutosha kueleza, ndiyo maana naandika.

Barua yako ya Desemba, ile ya kueleza unavyochora mwamba wenye nyufa ndani ya kompyuta na kuhesabu jinsi maji yanavyopita na kuusukuma, nilimsomea Maroa tukipukuchua mahindi. Uliandika kwamba baada ya mvua nyingi ukuta wa shimo waweza kuonekana mkavu, kumbe maji ya ndani yanazidi kutanua nyufa. Alicheka. "Mwambie aje ashuke na hiyo kompyuta yake." Kisha akaniomba nirudie hapo.

Mvua ya El Nino ilipotulia yeye na wenzake walirudi shimoni kuchimba dhahabu. Jumanne moja aliona ufa ukitoa maji safi, halafu yakawa tope. Akawapandisha watu. Mniko, mtoto wa shangazi, alikuwa bado chini, Maroa akamrudia. Mniko alitoka. Anasema ukuta haukuanguka, ulisogea tu. Maroa tulimtoa siku ya tatu.

Bado sijalia, kaka. Nafua, napika, nalala.

Juzi mwenye shimo alitaka watu waingie shimo la jirani. Nikapaka udongo wa mfinyanzi juu ya ufa ulio mdomoni mwa shimo hilo, kama ulivyoandika kwamba ufa ukitanuka udongo hupasuka. Kesho yake ulikuwa umepasuka katikati. Nikawaita wachimbaji.

"Huo umekaushwa na jua," mwenye shimo akasema.

Nikawaonyesha mwingine niliopaka hatua mbili pembeni, kwenye mwamba mzima, jua lile lile. Haukuwa na mstari hata mmoja. Kerosi, mkubwa wao, akakunja kamba yake akaenda nyumbani. Wengine wakamfuata. Sasa shimo limezibwa kwa miiba.

Mama anakusalimu, na Mniko, ingawa siku hizi hasemi sana. Benta, mjane wa Maroa, anauliza kama hesabu zako zingejua Maroa alibakiwa na dakika ngapi. Usimjibu kwa barua. Njoo.

Mungu akulinde uendako na urudiko.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kezia