Ukurasa wa Nyuma wa Daftari Lako

Mama,

Baba amelala. Mjukuu wako, hakuna anayemwita Wekesa tena. Tangu uondoke, mimi pia namwita Baba kama wewe ulivyomwita kwa sababu amebeba jina la babako. Amelala hapa Kaptembwo, kwenye kitanda chako, si wodini. Naanza na hilo ili mengine yasikushtue.

Alishikwa na nimonia. Ilianza kama kikohozi tu, nami nikamchemshia tangawizi kama ulivyokuwa ukijichemshia. Niliogopa bili, Mama. Bima tuliacha kulipa kibarua cha babake kule Rongai kilipoisha. Siku ya tatu mbavu zikawa zinaingia ndani akipumua. Nikambeba nikakimbia naye mpaka barabarani. Mtu wa boda hakutaja nauli. Alisema tu, "Mathe, shika mtoto vizuri."

Tulikaa hospitali siku kumi na tisa. Oksijeni, sindano, picha ya kifua, kila kitu na bei yake. Televisheni ikauzwa. Kisha daktari akasema mtoto amepona, twende nyumbani. Lakini getini askari anataka karatasi yenye muhuri, na muhuri haupigwi kabla hujalipa. Kwa hivyo tukabaki. Mtoto mzima, anakimbia katikati ya vitanda, na kila siku tunayongoja pesa, kitanda kinatuongezea deni. Kulikuwa na mama mmoja wa Dundori aliyekaa hivyo mwezi mzima. Alikuwa anajua hadi majina ya watoto wa wauguzi.

Jumapili nilimwachia babake zamu nikaenda kwa chama. Chama chako cha kuzikana. Ulipokufa walileta hema, viti, jeneza, basi la kukupeleka Kakamega. Yale masufuria makubwa yalipika siku nne. Nilishukuru, na bado nashukuru. Nikasimama mbele yao nikaomba wanisaidie bili. Mwenyekiti, Mama Otieno, akaniambia kwa upole, "Binti yetu, sheria aliiweka mamako mwenyewe. Ukiugua ni wewe na Mungu, ukifa ni sisi."

Maneno yako. Nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, ukiyasema huku unacheka, unajaza viazi kwenye ndoo. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwa nini ulificha ugonjwa wa kifua chako miezi yote ile, ukituambia ni vumbi la magunia. Ulijua hakuna pa kuomba. Ulipafunga wewe.

Nilikukasirikia, Mama. Nisamehe, lakini sitakudanganya.

Nikawaambia, "Masufuria yako kwangu tangu mama aende. Kila mwezi nayasugua kwa jivu yakingoja mazishi. Huyu mtoto angekufa, kesho mngekuja kupika kwangu na kila mtu angetoa. Naomba pesa hiyo hiyo akiwa hai. Kama haiwezekani, mje mchukue masufuria yenu." Sikupaza sauti.

Halafu Mama Shiru wa mitumba, yule mliyekuwa mnagombania naye kivuli pale sokoni, akasema, "Huyu ni mamake kabisa. Hata akiomba, anafoka." Wakacheka kidogo. Akafungua pindo la leso akaweka mia tano mezani. "Hii nilikuwa nimewekea maiti. Wacha isaidie mtoto." Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Mama Otieno alitoa mwisho, bila kuniangalia.

Mweka hazina akafungua daftari, kalamu ikakwama. Kila ukurasa umeandikwa Marehemu hapo juu, kwa mwandiko wako. Jina la mwisho lilikuwa lako, na chini yake mstari mtupu. Akaniuliza, "Sasa huyu nimwandike wapi?" Nikamwambia, hapo hapana. Nikachukua daftari, nikaligeuza, nikafungua kutoka nyuma. Nikaandika mwenyewe: Wagonjwa. Chini yake, Wekesa.

Pesa hazikutosha. Babake aliacha kitambulisho ofisini mwa hospitali, tukakubaliana tulipe iliyobaki kidogo kidogo. Siku hizi nauza viazi mahali pako. Watu wanasema ndoo yangu haijai kama yako. Tulipopita getini, Baba alimpungia askari mkono kama mtu anayetoka kutembelea shangazi.

Kuna mwenzetu ameanza kutapika damu wiki hii. Zamani angesema ni vidonda vya tumbo tu. Amekuja kwenye mkutano akasema, na jina lake sasa liko chini ya la Baba. Wawili walinung'unika kuhusu sheria yako. Niliwaacha wanung'unike, nikatoa mchango wangu.

Mama, masufuria nitaendelea kuyatunza, na mazishi ya watu nitapika. Lakini kifua kikinibana nitasema mapema, mbele ya wote, hata kama ni aibu. Hilo nakuahidi. Ule mstari chini ya jina lako, mimi na Baba hatutaujaza kwa kunyamaza.

Lala sasa. Nimekasirika nikamaliza.

Naliaka wako