Imani ya Waliobeba Machela

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo ungenigombeza.

Kahawa tumeshachuma. Upepo uliangusha migomba ya nyuma ya jiko, Baba akapanda mingine. Yeye hajambo, na nina habari yake, ila kwanza nirudi kwenye ile safari ya Nyabiyonza.

Ulikuwa hujasimama tangu ulipomzaa mdogo wangu Deo, mwaka ule wa vita. Akaja mhubiri mgeni, ikasemwa viwete wanatembea. Baba hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili yake ilikuwa ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Lakini ndiye aliyefunga machela, akamwita jirani yetu Bucumi, yule Mrundi, na vijana wawili. Wakakubeba kutoka kwetu Kiruruma, mimi nyuma na kikapu cha chakula. Mvua ilitukuta mlimani. Waliteleza mara nyingi, hawakukuangusha.

Mhubiri akakuwekea mikono. "Simama!" Ukajaribu, Mama. Niliona jasho likikutoka. Miguu ilikataa. Akatangaza mbele ya watu wote: "Huyu mama imani yake ni ndogo. Nyumbani kwake kuna shaka." Baba aliinamisha kichwa.

Ndipo ukamuuliza, kwa upole kama mtu anayeuliza njia: "Mchungaji, yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kwa Yesu kupitia darini, imani iliyoonekana pale ilikuwa ya nani? Si ya waliombeba? Basi na hawa wangu wamenibeba mlima mzima. Usiseme hawana imani."

Aliita mgonjwa mwingine.

Tulipopumzika njiani kurudi nyumbani, Baba alikuuliza unaumwa wapi. Ukasema, "Nina njaa." Tukala ndizi zilizopoa, na Bucumi akacheka mpaka akakohoa.

Hukuacha kuomba upone, wala hukuacha dawa za hospitali. Hukupona. Siku ya mazishi mtu mmoja alisema, sasa mama huyu anatembea. Labda. Lakini mimi nilitaka utembee hapa, Mama. Hapa jikoni. Uje mlangoni uniite...

Basi, habari ya Baba. Ameanza mafundisho ya ubatizo. Na uzee wote ule, anakaa benchi moja na watoto! Mwinjilisti alimuuliza kama anaamini kwamba Yesu aliponya wagonjwa. Baba akafikiri kidogo, akasema: "Mke wangu alimwamini miaka yote hiyo akiwa amekaa. Mimi ni nani nimkatae nami nasimama?" Atabatizwa Pasaka. Bucumi ndiye atakayemsimamia.

Kusoma hajui, kwa hiyo jioni, tukishamenya ndizi, mimi ndiye ninayemsomea. Anapenda habari za wagonjwa: mwenye ukoma, yule mwanamke wa kutokwa damu, kipofu wa njiani. Kila mmoja akipona, Baba hutazama mlangoni, halafu husema, "Endelea." Ninajua anachotaka kuuliza. Bado hajauliza.

Akiuliza kwa nini wewe hukuponywa, nakuahidi sitamtungia jibu, wala sitakubali mtu mwingine amtungie. Nitamwambia sijui. Kisha nitafungua ukurasa unaofuata, nimsomee.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Koku